Mpenzi Si Mdaiwa: Mhakiki wa Simu na Kampuni ya Moyoni Mwake

Mwanjelwa, jijini Mbeya, kuna fundi simu mwenye boksi la viatu lililojaa simu zilizokata roho. Huzichokonoa moja moja akitafuta vipuri: spika kwenye hii, kamera kwenye ile, sistimu chaji kwingine. Siku moja nilikuwa nimeketi kwenye benchi lake nikisubiri kioo changu, akaja mama mmoja kutoka Igawilo. Mwanawe amepata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), anahitaji simu janja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, simu gani nzuri?"

Fundi hakusita, akataja kampuni. Mama akanigeukia mimi, maana fundi alishanitambulisha kuwa ndiye yule anayeandika habari za simu. Nikataja kampuni nyingine. Akatutazama wote wawili, kisha akanyoosha kidole kwenye simu niliyokuwa nimeishika, ya pili, ile nzima. "Na hiyo yako, mwanangu, ulinunua au ulipewa?"

Nimehudhuria semina za maadili ya uandishi ambazo hazikufika hapo kwa siku mbili.

Mama alipoondoka nilimuuliza fundi kwa nini anaipenda kampuni aliyoitaja. Akajibu bila aibu: vioo vyake vinapatikana. Akiagiza Kariakoo leo, kesho jioni mzigo umeshashuka stendi, na bei haimkimbizi mteja. Kumbe fundi anaipenda kampuni ambayo simu zake huharibika kwa namna anayoimudu. Ni mapenzi halali kabisa, tena yenye maarifa ndani yake; ila siyo mapenzi aliyoyafuata mama wa Igawilo.

Basi swali ni hili: mtu anayeandika kuhusu teknolojia, na ana kampuni ya moyoni mwake, anaweza kuihakiki kwa haki? Wengi hujibu kwa methali, kwamba ukipenda, chongo huita kengeza, wakafunga mjadala. Mimi naona methali hiyo imesomwa haraka mno. Haisemi kwamba mpenzi haoni. Mpenzi ameliona jicho, tena kwa karibu kuliko mtu yeyote. Alichobadili ni jina. Soma uhakiki wowote wa simu kwa jicho hilo utaona mahali majina yanapobadilishwa: simu inayochemka inakuwa "inapata joto kidogo ukicheza gemu kwa muda mrefu", kamera inayotia ukungu usiku inakuwa "nzuri kwa bei yake", betri inayokufa saa kumi jioni inakuwa "ya matumizi ya kawaida". Mwandishi hakudanganya. Alijua, akachagua neno. Kinachohitaji kuchunguzwa ni nani aliyemsukuma kuchagua neno lile, na mara nyingi nikichunguza nakuta mapenzi hayahusiki sana.

Kiswahili chetu cha mtaani kina msaada hapa, kwa sababu hakiwaweki wapenzi wote kwenye chungu kimoja. Kuna mpenzi. Kuna mnazi, ambaye ameshavuka mpaka na anajua kwamba ameuvuka. Mnazi wa Yanga hasubiri ushahidi wa penalti. Halafu kuna chawa, neno lililoshika kasi miaka ya karibuni kwenye siasa na Bongo Fleva, la mtu anayeishi kwa kumsifu mwenye nacho. Chawa si lazima ampende anayemsifu. Anamnyonya. Na kwa asili ya mdudu mwenyewe, mwili ukipoa anahama.

Hata neno "mchambuzi", ambalo sisi waandishi tunapenda kulivaa, kwa Watanzania wengi ni mali ya vipindi vya mpira redioni. Na huko mpirani tatizo la kampuni pendwa limepatiwa dawa ya kienyeji inayofanya kazi: kila msikilizaji anamjua mchambuzi wa Simba na anamjua wa Yanga, na akimsikia anapunguza. Azam FC na Azam Media zote ni za nyumba ya Bakhresa. Mtangazaji akiisifia Azam FC, mtu wa Iringa anayetazama mechi kibandani anajua king'amuzi ni cha nani, na anapunguza vilevile. Mapenzi yaliyotangazwa hayana madhara makubwa, kwa kuwa msikilizaji ana kisu mkononi. Mhakiki wa simu ndiye ambaye hatumjui rangi ya jezi.

Tena kwenye simu ushabiki wetu una kichekesho chake. Nimesikia vijana pale Miyomboni, Iringa, wakikaribia kushikana mashati kwa Tecno dhidi ya Infinix, kama Kariakoo dabi. Zote mbili, pamoja na itel, zimetoka tumbo moja: Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006. Wanabishana mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu yuleyule.

Nikae kidogo hapo kwa Transsion, maana kama kuna kampuni inayopendwa kwa haki Afrika Mashariki ni hiyo. Ilikuja na simu za laini mbili wakati kampuni kubwa zilikuwa zinaona ni mchezo wa maskini, hazikuelewa kwamba mtu ana laini moja kwa sababu ndugu zake wako huko na nyingine kwa sababu bei ya usiku ni nafuu. Ilileta betri za kuvumilia kijiji kisicho na umeme. Ilirekebisha kamera zake zitambue sura nyeusi, wakati wengine walikuwa wanatupiga picha tunatoka meno na macho tu. Ikafungua vituo vya matengenezo vya Carlcare. Mwandishi wa Mbeya anayeipenda kampuni hiyo hakurogwa.

Sasa fikiria Agosti 2020. Watafiti wa kampuni ya Upstream pamoja na BuzzFeed News walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Ethiopia, Ghana, Cameroon na Afrika Kusini, zilikutwa zimetoka na programu hasidi ndani yake, Triada na xHelper, zilizokula bando na kujaribu kumuunga mtu na huduma za kulipia bila yeye kugusa chochote. Transsion ilisema lawama ni za mzabuni mmoja katika mnyororo wa utengenezaji, na kwamba ilitoa marekebisho. Hilo ndilo jicho lenyewe. Mhakiki mpenzi angeliitaje? Kwa mtu anayenunua bando la shilingi 500 kwa siku, programu inayotafuna bando gizani ni mwizi wa unga. Lakini kwa ushabiki wetu ulivyo, naweza kutabiri mgawanyo wa maneno: anayeipenda simu atasema mtandao ndio unaiba, anayeupenda mtandao atasema tatizo ni simu yako. Mwenye bando anabaki katikati akipiga namba ya huduma kwa wateja.

Tuondoke nchini kidogo, kwa sababu huko nje mambo haya yamefika mbali na yameacha kumbukumbu.

Mwaka 2007, iPhone ya kwanza ilipokaribia kuingia sokoni, Apple iliwapa simu za kujaribu waandishi wanne tu wa magazeti na majarida makubwa ya Marekani, Walt Mossberg na David Pogue wakiwamo. Bahasha haikuhitajika. Waandishi wengine wote walijifunza siku hiyo kwamba kuna mlango, na kuna mtu anayeshika ufunguo. Mwaka 2010 Gizmodo walinunua kwa dola 5,000 iPhone 4 ya majaribio iliyosahauliwa baa, wakaianika hadharani. Mkutano wa Apple wa mwaka huo hawakualikwa. Somo likarudiwa kwa sauti ya juu zaidi.

Kisa kinachonifundisha kuliko vyote, hata hivyo, ni cha John Gruber. Tangu 2002 ameandika kuhusu Apple kupitia Daring Fireball, na hajawahi kuficha kwamba anaipenda. Kuanzia 2015 viongozi wa juu wa Apple walikuwa wakikubali mahojiano naye kila Juni, msimu wa mkutano wao mkubwa. Machi 2025 akaandika makala ya kuichana kampuni hiyo, kwa sababu ilikuwa imeitangazia dunia Siri, msaidizi wake wa sauti, yenye akili mpya, ikaiweka kwenye matangazo ya biashara, kisha ikakiri kwamba haiko tayari. Alisema kuna kitu kimeoza. Juni ilipofika, viongozi wa Apple hawakukubali kupanda jukwaani kwake, mara ya kwanza kwa miaka kumi. Kila mtu akahesabu miezi mwenyewe.

Angalia nani aliyeandika makala ile. Ni mpenzi. Mtu asiyejali angeandika habari fupi kwamba Siri imechelewa, akaendelea na shughuli zake. Gruber aliumia kwa sababu alijua kampuni hiyo iliwahi kujivunia kutotangaza kisichokuwepo. Aliipima kwa ahadi zake yenyewe, na hakuna anayezikumbuka ahadi za mtu kama anayempenda. Kilichomwezesha kusema ni kwamba hakuwa anadaiwa. Alikuwa na wasomaji wake na njia zake za kula, na mlango ulipofungwa hakulala njaa.

Mdaiwa ni kitu kingine. Agosti 2024 ilifichuka kwamba mpango wa Google wa kuwagawia watu maarufu mtandaoni simu za Pixel ulikuwa na sharti: ukionekana kupendelea simu za washindani, urafiki unaisha. Google ikasema maneno yale hayakukaa sawa, ikayaondoa. Karibu miaka miwili kabla yake, Novemba 2022, Google na kampuni ya redio ya iHeartMedia zilikubali kulipa dola milioni 9.4 kumaliza shauri huko Marekani, ambako watangazaji walikuwa wamesimulia kwa sauti zao jinsi Pixel 4 inavyowapiga picha nzuri usiku, simu ambayo hawakuwahi kupewa waitumie. Watu hao hawakuwa wapenzi. Simu yenyewe hawakuijua. Ukiwa na wasiwasi na mapenzi, utawachunga wapenzi mlangoni huku wadaiwa wanapita dirishani.

Kwetu deni lina sura yake. Uzinduzi wa simu unafanyika hotelini Dar es Salaam: muziki, taa, fulana, picha ya pamoja, na "ya nauli" mwishoni. Kutoka Iringa ni karibu kilomita 500 za basi, kutoka Mbeya zaidi ya 800. Aliyealikwa na kulipiwa anarudi na simu. Asiyealikwa anaomba dukani ashike simu ya maonyesho kwa nusu saa, plastiki haijabanduliwa, muuzaji kamsimamia. Kisha wote wawili wanaandika "uhakiki". Baraza la Habari Tanzania, lililoanza mwaka 1995, lina kanuni za maadili zinazokataza mwandishi kuhongwa, lakini ni nani kati ya hawa wawili kahongwa? Hakuna aliyepewa hela aseme uongo. Mmoja amepewa ukaribu, mwingine amenyimwa.

Na serikali nayo iliongeza deni bila kukusudia. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka anayechapisha mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja ya ada ya mwaka. Viwango vilishushwa baadaye, ila piga picha mwandishi kijana wa Uyole mwaka ule: anadaiwa milioni 2.1 kabla hajaandika neno. Nani Mbeya ana fedha za matangazo za kumtoa hapo? Kampuni za simu, mitandao ya simu, na michezo ya kubahatisha. Kampuni iliyomlipia leseni ndiyo itakayokuwa kampuni ya moyoni mwake, na hata yeye mwenyewe baada ya mwaka hatajua mapenzi yalianza lini.

Nimesema mengi dhidi ya deni. Haina maana kwamba asiyedaiwa basi yuko salama. Mwaka 2016 Galaxy Note 7 ya Samsung ilipokelewa na wahakiki kwa sifa tele, na sidhani kama walinunuliwa. Walikaa nayo siku chache, ikawapendeza kwa haki. Septemba Samsung ikaanza kuzirudisha kwa sababu betri zilikuwa zinawaka moto, na Oktoba ikaacha kabisa kuzitengeneza. Moyo safi haukusaidia kitu mbele ya betri ambayo haijafikia wakati wake wa kuwaka.

Kuna pia umbali. Mhakiki wa Dar es Salaam asiyependa wala kuchukia kampuni yoyote anaijaribu simu kwenye joto la nyuzi 30, chini ya minara iliyopangana kama minazi, umeme ukutani. Anatupa alama nane kwa kumi. Alama hizo zikipanda hadi Makete au Mufindi, Juni na Julai, zinakuta alfajiri yenye umande ulioganda. Betri za lithiamu haziipendi baridi; kemikali zake hulegea na simu hujiona imeishiwa kabla haijaishiwa. Apple wenyewe wanashauri iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35. Kwa mtu wa pwani nambari ya chini ni pambo. Kwa mchuma chai wa Mufindi ni habari.

Upande wa mitandao ndio kabisa. Huku kwetu mlima ndio unaokuchagulia kampuni ya kupenda. Ukiwa upande huu wa Rungwe unapenda mtandao mmoja, ukihamia ng'ambo unaoa mwingine. Kuna kijiji Kilolo ninakokwenda ambako simu hushika mtandao juu ya kichuguu kimoja. Jioni watu hupanga foleni pale kama kisimani. Halotel ilipoingia nchini mwaka 2015 na kuweka minara vijijini, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, ulipotoa ruzuku kwa minara ya maeneo yasiyo na faida, mapenzi yalihama na mnara. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ina ofisi ya kanda hapa Mbeya na hupima ubora wa mitandao, kwa hiyo vipimo visivyo na moyo vipo. Lakini mzee wa kichuguuni anajua saa ambayo mtandao hukata na upande wa kugeukia. Ana mapenzi na ana ushahidi, vyote kwa pamoja. Kati yake na mtu wa Dar asiye na upande, mimi nitamwamini mzee.

Mapenzi hayo nayo ni ya kitu gani hasa? Mobitel ya mwaka 1994 ikawa Buzz, ikawa Tigo, na Novemba 2024 ikawa Yas. Celtel ikawa Zain, ikawa Airtel. Wamiliki wamebadilika, jina limebadilika, rangi za mwavuli wa wakala zimebadilika, na mtu bado anasema "mimi ni wa Tigo". Anachopenda ni namba yake, ambayo ndugu wote wanayo.

Jawabu la vitendo liko karibu na nyumbani kuliko tunavyodhani. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya mahindi, na hakuna anayejua kupenda kampuni kama mkulima wa mahindi anavyopenda mbegu. Nenda viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, wakati wa maonyesho ya Nane Nane usikie wanaume wazima wakigombana juu ya mbegu. Lakini nenda pia kwenye mashamba darasa ya hapo Uyole, ambako kituo cha utafiti kimezalisha mbegu zake chenyewe, kama UH 6303. Mtafiti wa pale ana kila sababu ya kuipendelea mbegu aliyoizaa. Hakuna anayemwambia aache kuipenda. Anachodaiwa ni kuipanda ubavuni mwa ya mshindani, udongo uleule, siku ileile, nafasi na mbolea zilezile, kibao mbele ya kila mstari, na mkulima apite mwenyewe ahesabu mahindi. Kisha arudie msimu ujao, kwa sababu mvua moja haisemi kitu.

Simu mbili zinaweza kupandwa hivyo hivyo. Zote ziwe na laini ya mtandao mmoja, zote mfukoni mwa koti moja, kutoka Ipogolo, Iringa, hadi stendi ya Mbeya. Zipigwe picha mbili za mtu yuleyule kwenye kibanda kilekile cha chipsi usiku. Zikae miezi mitatu. Mwandishi aseme ipi alinunua, kwa bei gani, ipi aliazimwa na atairudisha lini. Hapo hata akiwa mnazi, kibao kipo.

Kampuni yenyewe inapata nini kwa mpenzi wa namna hiyo? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Pwani wanafikiria mnazi. Iringa sisi tunafikiria ulanzi, unaogemwa kwenye mianzi wakati wa mvua, na mnywaji mzoefu wa Kilolo akionja maji humwambia mgema papo hapo, maana kesho atarudi kwake huyohuyo. Hana mgema mwingine anayempenda. Wasifiaji wa kulipwa hawasemi, kwa sababu si wao wanaokunywa.

Nami nina la kwangu. Februari moja niliisifia simu ya kampuni ninayoipenda, jina naliacha kapuni. Niliinunua kwa hela yangu, niliitumia wiki sita, niliandika kwa moyo mweupe. Shemeji yangu wa Mafinga akainunua kwa maneno yangu. Julai akanipigia kwa simu ya jirani. Nikaenda, nikalala kwake, alfajiri nikaikamata mwenyewe. Niliporudi Mbeya nikaufungua uhakiki ule na chini yake nikaandika kwamba katika maeneo yenye baridi kali, chaji inaweza kupungua haraka kidogo kuliko kawaida. Nikaisoma sentensi ile mara mbili. Kengeza hilo. Nikaifuta, nikaandika: "Mafinga, saa 11 alfajiri, Julai: imezima ikiwa na asilimia 38." Nikaweka tarehe.